Lori lina kadi inayovuka mpaka, mama mjamzito hana

Alikuwa amekaa juu ya gunia la dagaa, miguu ameinyoosha mbele, kandambili amezivua kwa sababu hazikumwingia tena. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Wenzake kwenye foleni ya uhamiaji walimtania kwamba miguu iliyovimba hivyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Alisema kichwa kinamgonga tangu jana, na kwamba akiinua macho anaona vimulimuli vikipita mbele yake. Mmoja akamnunulia soda baridi. Mwingine akampa panadoli mbili. Mimi nilikuwa nimekwenda pale kuandika habari ya msongamano wa malori. Nikampisha kivulini, nikaendelea kuhesabu malori.

Jioni hiyo alianguka kwa degedege, akiwa ameshavuka upande wa pili. Kituo cha afya cha huko kilimpokea. Muuguzi akauliza kadi ya kliniki, akaletewa kadi ya nchi jirani, iliyopangwa tofauti na anazozijua na yenye vifupisho asivyovizoea. Vipimo vya presha vya mahudhurio yake ya mwanzo vilikuwa vimeandikwa humo, lakini ilichukua muda kuvipata. Hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji ilikuwa upande wa kwao, mwendo usiofika nusu saa. Gari la wagonjwa likamfikisha getini, likasimama. Dereva hakuwa na kibali cha kuvusha gari wala bima ya ng'ambo. Ikabidi lisubiriwe gari jingine kutoka upande wa pili. Tulisubiri saa mbili na ushei. Katika muda huo nilihesabu, kwa mazoea tu, malori 11 yaliyokamilisha taratibu zake yakapita.

Mama alipona. Mtoto hakupona. Siutaji mpaka huo wala kituo hicho, kwa sababu waliokuwa zamu walifanya kila walichoweza. Kilichowashinda ni utaratibu, na utaratibu huo unafanana katika mipaka yetu mingi.

Kila mfanyabiashara anayesoma gazeti hili anaijua Kadi ya Njano, bima ya magari iliyo chini ya mpango wa COMESA. Gari lililokatiwa bima Kenya linatambulika Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Likipata ajali ugenini, karatasi ile inazungumza kwa niaba yake. Hoja yangu leo ni fupi: tumeshaweza kulitengenezea gari karatasi inayozungumza upande wa pili wa mpaka. Hatujaweza kumtengenezea mama mjamzito. Na dharura za moyo na mishipa ya damu wakati wa ujauzito ni za namna isiyosubiri muhuri.

Tuanze na ile iliyomwangusha mama yule. Wataalamu wanaiita priiklampsia, na ikifikia degedege sisi tunaiita kifafa cha mimba. Ni presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito na kudhuru viungo kama figo, ini na ubongo. Mara nyingi kipimo cha mkojo huonyesha protini. Presha ya 140 juu au 90 chini tayari ni ya kufuatiliwa na mtaalamu. Ikifika 160 juu au 110 chini, hiyo ni dharura ya kutibiwa ndani ya saa moja, maana mshipa wa damu kichwani unaweza kupasuka. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kuvimba ghafla: hizo ni dalili zake. Lakini wapo wasiosikia chochote mpaka siku wanapoanguka. Kwao dalili pekee ni namba kwenye mashine ya kupimia presha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi, na takriban 70 katika kila 100 walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Baada ya kutokwa na damu, presha ya mimba ndiyo chanzo kikubwa kinachofuata miongoni mwa matatizo yanayoletwa na uzazi wenyewe. Na dawa yake si ya ajabu. Ni magnesiamu salfeti, dawa ya sindano ya bei nafuu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza kwa nusu uwezekano wa mama mwenye priiklampsia kupata degedege. Shirika hilo linaelekeza kwamba hata kituo kisichoweza kutoa dozi yote kimpe mama dozi ya kwanza, kisha kimhamishie mara moja hospitali kubwa. Sisitiza hayo maneno: mara moja. Kwenye getini zetu "mara moja" inageuka saa mbili na ushei.

Si presha peke yake. Mwanamke akiwa mjamzito, damu mwilini mwake huongezeka kwa karibu nusu, na moyo unalazimika kuisukuma yote hiyo. Moyo mzima unamudu. Moyo wenye vali mbovu unaelemewa. Katika ukanda wetu wapo wasichana wengi waliougua koo utotoni wasitibiwe, homa ikashambulia vali za moyo, nao wakakua bila kujua. Wanajua ujauzito unapofika miezi sita au saba, pale wanaposhindwa kupanda ngazi waliyokuwa wakiipanda na mzigo kichwani. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huo wa vali, ambao penisilini inayotolewa kwa wakati ingeuzuia.

Kuna pia moyo unaochoka na kutanuka mwishoni mwa ujauzito, au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuugua moyo. Huu unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, waliozaa mara nyingi, waliobeba mapacha au waliokuwa na presha. Mama anashindwa kulala chali, anaamka usiku akitafuta pumzi, anakohoa, miguu inavimba. Jirani wanasema ni uchovu wa kunyonyesha.

Halafu kuna bonge la damu. Ujauzito huifanya damu igande kwa urahisi, na hatari ya bonge kwenye mshipa wa mguu ni mara 4 hadi 5 ya ile ya mwanamke asiye na mimba. Wiki za kwanza baada ya kujifungua ni mbaya zaidi. Kukaa kitako saa nyingi kunaiongeza. Sasa fikiria basi la usiku kutoka Kampala kwenda Nairobi, au safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, magoti yamebanwa na mzigo ambao hukutaka kuuweka kwenye buti. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, kisha pumzi ikakatika ghafla au kifua kikachoma, bonge hilo huenda limehamia kwenye mapafu.

Mtu atasema: basi wajawazito wakae nyumbani. Rahisi kusema. Anayebeba vitenge, mitumba, mahindi na nyanya kuvuka Busia, Mutukula, Kasumulu au Goma kwa sehemu kubwa ni mwanamke, na fedha ile ndiyo ada ya shule na kodi ya chumba. Biashara si chanzo cha priiklampsia. Mwanamke mwenye moyo mgonjwa atashauriwa na daktari wake kupunguza safari, na amsikilize. Wengine wote wana haki ya kufanya kazi, na njia wanayoipita iwe salama kwao.

Na njia hiyo imeshaonyesha kwamba inaweza kupima afya ikitaka. Ebola ilipoisumbua mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 2018, mtu hakuvuka kati ya Goma na Gisenyi bila kunawa mikono na kupimwa joto. Uviko ulipoingia mwaka 2020, kipimajoto kilielekezwa kwenye paji la uso la kila dereva kuanzia Malaba hadi Rusumo. Meza zilipatikana, wahudumu walipatikana, maabara za kuhamishika zilipatikana. Silaumu hayo, yaliokoa watu. Ninachosema ni kwamba homa tunaipima kwa sababu inaweza kuvuka mpaka na kumfikia mwingine. Presha inaishia kwa mwenye nayo na mwanawe tumboni, ndiyo maana hakuna aliyeiwekea meza.

Viongozi wetu hawawezi kusema hawana msingi wa kisheria. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumzia ushirikiano katika afya, ikiwa ni pamoja na kuoanisha sera na kubadilishana taarifa. Sheria ya Jumuiya ya vituo vya huduma kwa pamoja mpakani, ya mwaka 2016, inamruhusu ofisa wa nchi moja kufanya kazi yake kwenye ardhi ya nchi nyingine ndani ya eneo la kituo. Kwa msingi huo ofisa forodha wa Tanzania anakaa jengo moja na wa Kenya pale Namanga, na wa Uganda na Kenya wanakaa pamoja Busia. Kama mkagua mizigo anaweza, muuguzi naye ashindwe na nini?

Tena kuhusu moyo hasa, Jumuiya ilishagawana kazi. Katika mpango wa vituo vya umahiri wa tiba unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Kenya ilipewa figo, Uganda saratani, Burundi lishe, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na afya ya kidijitali, na Tanzania ikapewa moyo na mishipa ya damu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikajenga kituo chake Mloganzila. Dar es Salaam hiyo hiyo ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayopokea wagonjwa hata kutoka nje ya Tanzania, na Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Maana ya mgawanyo huo ni kwamba mgonjwa wa moyo wa Bujumbura au Kisumu ana mahali pa kwenda ndani ya Jumuiya. Lakini kitanda cha Dar es Salaam hakimsaidii mama aliyekwama getini usiku.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yana mfano kwenye biashara yenu.

La kwanza ni meza ya presha katika kila kituo cha huduma kwa pamoja mpakani: mashine, muuguzi mmoja kwa zamu, karatasi za kupimia protini kwenye mkojo, na dozi ya kwanza ya magnesiamu. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya wajawazito zinazowasha taa ya kijani, njano au nyekundu, ambazo zimeshafanyiwa majaribio Uganda na Zambia miongoni mwa nchi nyingine. Hata asiye daktari anaelewa nyekundu ni nini.

La pili ni kadi. Jumuiya iliona mfanyabiashara mdogo anahangaika na nyaraka za wakubwa, ikamtengenezea cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Fomu ni moja, na inasomeka pande zote. Tunataka ukurasa wa namna hiyo ndani ya kadi ya kliniki ya kila nchi, wenye mambo machache katika mpangilio mmoja: umri wa mimba, kundi la damu, presha ya kila hudhurio, dawa anazotumia, ugonjwa wa moyo kama upo, na namba ya simu ya kituo chake. Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vinatosha. Muuguzi wa Kobero asome kilichoandikwa Kabanga bila kukisia.

La tatu ni gari la wagonjwa kupita bila kusimama. Namba za magari ya wilaya za mpakani ziandikishwe mapema pande zote mbili, bima zake zilipwe, madereva wafundishwe. Maana pale Rusumo hata upande wa barabara unabadilika, Tanzania tunakwenda kushoto na Rwanda wanakwenda kulia. Usiku ukifika isiwe kazi ya ndugu wa mgonjwa kutafuta afisa wa kufungua geti.

Najua swali litakaloulizwa wizarani: nani atalipa? Ni swali halali. Bima nyingi za umma za nchi zetu zinaishia pale bendera inapobadilika. Lakini forodha walishalijibu swali hili kwa mizigo. Mzigo wa transiti haukai mpakani mpaka kila mtu alipwe. Unapita kwa dhamana, na hesabu zinafungwa baadaye. Ikiwa tunaweza kuaminiana kwa kontena la matairi, tunaweza kuaminiana kwa matibabu ya dharura ya saa 24 za kwanza, kisha wizara zikatumiana madai.

Wakati tunasubiri wakubwa, yapo ambayo vyama vya wafanyabiashara vinaweza kufanya mwezi huu. Nunueni mashine ya presha ya chama, lakini muulizeni kwanza muuguzi wa wilaya ipi inafaa kwa wajawazito, maana si zote zinasoma vizuri presha yao. Mfundisheni katibu kuitumia. Kila mjamzito apige picha kurasa zote za kadi yake na kuzihifadhi kwenye simu, na nyingine amtumie mtu wa nyumbani. Anayesafiri mbali ashuke kila basi linaposimama, atembee, anywe maji. Aliyewahi kupata presha katika mimba iliyopita, au mwenye kisukari, figo au mapacha, awahi kliniki mapema, kabla ya mwezi wa nne: kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kumwanzishia. Si ya kujinunulia dukani. Na mwenye vali ya bandia anayetumia warfarini amwone daktari hata kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto, na kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama.

Mjamzito akishikwa na degedege, mlazeni ubavu, ikiwezekana wa kushoto, ondoeni vitu vinavyoweza kumuumiza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtafute gari. Siku ile kijiko kilikuwa kimeshafika karibu na meno yake, na aliyekishika alikuwa na nia njema kabisa.

Kisha kumbukeni arobaini. Wengi wenu mnarudi barabarani wiki ya tatu kwa sababu mtaji unakatika. Presha ya mimba inaweza kupanda hata baada ya kujifungua, bonge la damu linapenda wiki hizo hizo, na moyo unaweza kuchoka hadi mwezi wa tano. Mama mzazi anayekosa pumzi hana uchovu mpaka ipimwe ijulikane hivyo.

Mama yule amerudi kwenye dagaa. Nilikutana naye mwezi uliopita kwenye foleni ileile, picha ya kadi yake ya zamani bado anayo kwenye simu. Nilimweleza kwamba nimekuja tena kuandika kuhusu malori. Akacheka, akanitania kwamba safari hii nihesabu na wajawazito. Nikahesabu. Kati ya saa moja na saa mbili asubuhi walipita 9 ambao mimba zao zilionekana wazi. Mizigo yao yote ilikaguliwa. Presha ya hata mmoja haikupimwa.